Kabla hujaandika jina la shirika lako chini ya tamko

Nakuandikia wewe uliyeanza kazi mwezi huu katika shirika la haki za binadamu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Wiki haitaisha kabla hujatumwa kwenye kikao cha muungano wa mashirika, maana wakubwa wako wamechoka na vikao. Utapewa kiti karibu na mlango na chupa ya maji, karatasi ya mahudhurio itazunguka, na jioni, umeme ukiwa umeshakatika, mtu atakugeukia: "Na nyinyi mnasaini?"

Mimi niliharibu hapo hapo.

Tamko lenyewe lilihusu akina mama wanaovuka mto Ruzizi, mpaka wetu na majirani, kila asubuhi na beseni za nyanya na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani: kutozwa pesa zisizo na risiti, kusukumwa, kunyang'anywa mali. Tuliliandika pamoja, mashirika ya Kongo, Rwanda na Burundi, kwa sababu mama yule yule anasumbuliwa pande zote za daraja, na shirika la upande mmoja likisema peke yake hujibiwa kwamba limetumwa na jirani. Mwenzetu mmoja wa ng'ambo alikaa kikao kizima akiitikia kwa kichwa. Nikaandika jina la shirika lake. Saa tano usiku akatuma ujumbe: naomba mtuondoe. Nilikuwa nimeshawatumia waandishi wa habari. Asubuhi redio ikasoma majina yote, na kabla ya wiki mbili kupita alikuwa ameitwa mara mbili kwenda kujieleza. Hakunilaumu. Kikao kilichofuata alikuja mtu mwingine kwa niaba yao, akaketi, akanywa maji yake, hakusema neno.

Kuitikia kwa kichwa kwetu huku ni adabu tu. Mtu anakuonyesha kwamba amekusikia. Siku hizi simhesabu mtu bila jibu la maandishi kutoka kwa mwenye mamlaka ya shirika lake, baada ya kusoma nakala ya mwisho, si ile ya juzi. Na jibu si ndiyo au hapana pekee. Kuna anayesaini wazi, kuna anayekubali jina lake lijulikane na chombo kinachopokea ripoti tu, na kuna anayetoa habari zake zote bila jina lake kuonekana popote. Wa mwisho huyo si mwoga. Hatari haigawanywi sawa kwenye muungano kama chakula cha warsha. Tarehe 31 Julai 2005 Pascal Kabungulu aliuawa nyumbani kwake, hapa hapa Bukavu. Alikuwa katibu mtendaji wa Héritiers de la Justice, shirika la haki za binadamu la hapa, na pia makamu wa rais wa LDGL, ligi ya haki za binadamu ya Maziwa Makuu. Muungano wa nchi kadhaa ulikuwa nyuma yake, lakini mlango uliobishwa ulikuwa wa kwake.

Jambo la pili litakusumbua zaidi ya sahihi, nalo ni lugha. Ushuhuda tunaupokea kwa Kiswahili au Mashi, lugha ya Washi wa huku, tunauandika kwa Kifaransa, mwenzetu wa Nairobi anautia Kiingereza. Neno likipotea njiani hulioni tena. Chukua neno "mateso". Mama mmoja aliniambia, "Walinitesa sana pale barrierani," yaani kwenye kizuizi cha barabarani. Niliandika "torture", nikaona nimemtendea haki. Nairobi wakalipandisha hadi kwenye kichwa cha sura. Kisha mwanasheria mmoja akauliza: nani hasa alifanya, alikuwa na cheo gani, alitaka nini? Maana Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1984 dhidi ya mateso, ili kitendo kiitwe hivyo, unataka maumivu makali, ya makusudi, yenye lengo, na mkono au ridhaa ya mtumishi wa serikali. Nasi hapa tuna sheria ya 2011 inayoadhibu kosa hilo. Nikarudi kwa mama. Kumbe walimweka juani tangu asubuhi hadi nyanya zikaoza, wakamtukana, wakamrudisha. Ni dhuluma, tena mbaya, lakini sicho nilichoandika. Kwa Kiswahili chetu hata ada ya shule inatesa, hata mume anatesa, hata malaria. Kwa hiyo usimwulize mtu kama aliteswa. Mwulize walifanya nini, kwa mkono au kwa kitu gani, walisema nini wakati wanafanya, na walivaa nini. Maneno yake yaandike kama alivyoyatamka, ukiyaacha kwa lugha yake pembeni mwa tafsiri.

Hapo hapo nikuonye kuhusu hesabu. Utaona tukio limetajwa na mashirika matano, ufurahi kwamba limethibitishwa. Wapigie simu mmoja mmoja. Mara nyingi wote watano wamelitoa kwenye ujumbe mmoja wa WhatsApp wa mtu mmoja, ambaye naye aliusikia kwa shemeji yake. Hicho ni chanzo kimoja chenye mihuri mitano. Ile ripoti kubwa ya Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili uliofanywa Kongo, ya tarehe 1 Oktoba 2010, iliyoorodhesha matukio 617 ya kati ya Machi 1993 na Juni 2003, ilidai kila tukio liwe na chanzo kingine kilicho huru mbali na cha kwanza. Imeshambuliwa sana, na bado watu wanairudia. Orodha za majeruhi nazo zina ujanja wake: ile ya chifu inaandika jina la ukoo, ya parokia inaandika jina la ubatizo, na mtu mmoja anakuwa wawili. Nimewahi kukata watu wanne kwenye orodha ya 19 kwa jioni moja, nikiwa na kalamu na mkuu wa kijiji kwenye simu.

Kuhusu milango ya kubisha, yaani vyombo vya kupelekea ripoti na malalamiko, nitakwenda haraka, kwa sababu hayo utayasoma. Kwenye mapitio ya Umoja wa Mataifa kule Geneva, ambako haki za binadamu za kila nchi hujadiliwa kwa zamu, shirika linaloandika peke yake linaruhusiwa maneno 2,815, na yanayoandika kwa pamoja yanapewa 5,630. Watu wa Bukavu tunapenda utangulizi wa historia tangu Leopold, mfalme wa Ubelgiji aliyeimiliki Kongo. Maneno hayo yote yanahesabiwa. Na ripoti inapelekwa miezi mingi kabla ya siku ya kikao, kwa hiyo ukisikia nchi inajadiliwa wiki ijayo, umeshachelewa. Tume ya Afrika ya haki za binadamu iko Banjul, nayo haina haraka. Mahakama ya Afrika Mashariki ya Arusha imetuhusu tangu Kongo ilipoingia kwenye Jumuiya mwaka 2022, na huko mlalamikaji ana miezi miwili tu tangu kitendo kitendeke au tangu alipokijua. Miungano yetu huhitaji miezi miwili kukubaliana tarehe ya kikao.

Pesa nayo ina lake. Shirika linaloshika akaunti ya mradi hugeuka bosi bila kupigiwa kura, na ugomvi wote utakaouona ukijiita wa misimamo, angalia kwanza nani anashika akaunti. Nilifikiri hilo ndilo baya kuliko yote hadi mwanzo wa 2025, Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23 mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, benki zikafungwa. Wenzetu wa Bujumbura walikuwa na kazi ya kufanya, watu wa kuwahifadhi, na pesa ya kazi hiyo ilikuwa hapa kwetu, nyuma ya mlango wa chuma.

Sasa ile karatasi ya mahudhurio. Jina, shirika, simu, sahihi: mfadhili anaitaka ili arudishe nauli, na kila mtu anaijaza bila kufikiri huku akisubiri chai. Siku zile za mwezi wa pili, kabla hatujajua nani anaondoka na nani anabaki, katibu wetu alileta mafaili matatu ya karatasi hizo uani, tukayalisha mbabula, jiko letu la makaa, moja baada ya jingine, jirani akiuliza kwa nini tunapika mapema hivyo. Miezi baadaye mfadhili aliandika kuomba vithibitisho vya nauli za watu 41. Tulimjibu kwamba vimekuwa majivu, tukamwuliza kama picha ya mbabula ingemsaidia. Hajajibu.