Ujira wa fundi, kitambaa kilichoharibika na mlango wenye kufuli

Swali: Assalaam alaykum sheikh. Nina karakana ya kushona Mbagala, Dar es Salaam. Tunashona sare za shule na kanzu kwa oda za wenye maduka wa Kariakoo. Mafundi wangu, wengi wao akina mama, nawalipa kwa kipande. Mwenye duka akichelewa kunilipa, na wao husubiri, mara nyingine hadi miezi miwili. Nguo ikiharibika, aliyeishona namkata bei ya kitambaa. Kumi la mwisho la Ramadhani tunashona hadi usiku wa manane, na kwa kuwa tuliwahi kuibiwa majora, mlango naufunga kwa kufuli na funguo nakaa nazo mimi. Siwatupi: nawafuturisha, na Idi kila mmoja humnunulia doti ya khanga. Lakini mama mmoja kaniambia mbele ya wenzake kwamba overloki mbili (cherehani za kumalizia kingo za nguo) nilizonunua mwaka huu nimezinunua kwa jasho lao. Mimi najua tumekubaliana kwa ridhaa, na asiyetaka halazimishwi. Je, chumo langu lina haramu?

Jibu: Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Biashara yako kwa asili yake ni halali, na kulipa kwa kipande kunajuzu maadamu bei ya kila kipande inajulikana kabla sindano haijagusa kitambaa. Haramu imeingia katika hayo uliyoyataja mwenyewe, na yote yana mzizi mmoja: faida unaichukua wewe, hasara unawabebesha wao. Mtume (s.a.w.) alihukumu kwamba mapato hufuata dhamana, yaani anayekula faida ya kitu ndiye anayebeba hatari yake. Mafundi wako si washirika wako. Oda ikilipa vizuri hawaongezewi hata senti juu ya bei ya kipande. Basi kwa hoja gani oda isipolipwa njaa iwe yao?

Mkataba wao ni na wewe, si na mtu wa Kariakoo. Fundi akishakukabidhi kanzu iliyokamilika, ujira wake ni deni shingoni mwako, hata kama kanzu hiyo italala dukani hadi Idi ya mwakani. Katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari, Mwenyezi Mungu anasema atakuwa hasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni mtu aliyeajiri kibarua, akatimiziwa kazi yake, kisha asimpe ujira wake. Ungekuwa huna kitu kabisa, tungekusomea aya ya 280 ya Suratul Baqara kuhusu kumpa muda mwenye dhiki. Lakini kama overloki hizo ulizinunua huku wao wanakudai, dhiki huna, na Mtume (s.a.w.) amesema kuchelewesha deni kwa mwenye uwezo ni dhuluma. Yule mama kasema kweli, ingawa maneno yake yamekuuma. Futari na khanga ni zawadi, Allah akulipe kwazo. Deni halilipwi kwa zawadi.

Kuhusu kitambaa kilichoharibika, wanazuoni wamelichambua suala hili kwa karne nyingi. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali (r.a.) alikuwa akiwadhaminisha wapaka rangi na masonara mali za watu zilizoharibika mikononi mwao, kwa sababu bila hivyo watu wasingekuwa na amani na mali zao. Wako wanaoishika kauli hii hadi leo kumkata fundi, lakini wapaka rangi na masonara hao walikuwa mafundi wa kujitegemea, mteja anawaachia mali yake na kuondoka. Mafundi wako wanafanya kazi ndani ya karakana yako, kwa cherehani zako, machoni pako. Katika madhehebu yetu ya Shafii, Imam Nawawi ametaja katika kitabu chake Minhaj kwamba mwajiri akikaa pamoja na fundi, au akimleta nyumbani kwake, fundi huyo hadaiwi kilichoharibika ikiwa hakufanya uzembe wala kuvuka mpaka. Sindano ikivunjika ikachana shati, au mkataji akikosea kipimo na mshonaji akashona alichopewa, hasara ni yako. Akishona huku anachezea simu, au akipitisha pasi ya moto mahali ulipomkataza, hapo unaweza kumdai, lakini baada ya kumsikiliza na kuthibitisha. Wewe umekuwa ukikata kwanza.

Nakuja kwenye ridhaa, maana ndiyo ngao yako kubwa. Ni kweli mkataba hausimami bila ridhaa. Lakini mtazame Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan katika Suratul Qasas. Ameikimbia Misri akihofia kuuawa, hana ndugu wala chakula, amekaa kivulini anamwomba Mola wake kheri yoyote atakayomteremshia. Mtu wa hali hiyo angekubali sharti lolote. Mzee aliyemwajiri hakuitumia njaa yake. Alitaja muda, miaka minane, akasema kumi ikitimia itakuwa hiari yako, kisha akaongeza: “Wala sitaki kukutaabisha.” Hakungoja Musa ajadili bei. Aliyekuwa na uwezo ndiye aliyejiwekea mpaka mwenyewe. Mama anayedaiwa kodi ya chumba naye atakubali masharti yako usiku na mchana, na hilo halikupunguzii hesabu hata chembe.

Hata sheria ya nchi imeweka mpaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu. Huwezi kusema hilo halikuhusu kwa kuwa wewe ni Muislamu na una fiqhi yako. Kanuni yetu inasema lililozoeleka ni kama lililoshurutishwa, na sharti la haki linatimizwa.

Sasa mlango, na hili halisubiri kesho. Tarehe 11 Septemba 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kiliwaka moto Karachi, milango imefungwa na madirisha yana nondo, wakafa watu zaidi ya 250. Novemba 24 mwaka huo huo moto ukashika kiwanda cha Tazreen karibu na Dhaka, na huko pia walikuta milango imefungwa; walikufa wasiopungua 112. Miezi mitano baadaye, jengo la Rana Plaza likaporomoka hapo hapo Bangladesh na kuua watu 1,134. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla: benki ya chini iliwarudisha wafanyakazi wake nyumbani, washonaji wakaamriwa kuingia kwa sababu oda ina tarehe. Naitaja miji hii kwa makusudi. Ni miji ya Waislamu, adhana inasikika kila mtaa. Usidhani Ramadhani itakulinda na moto wa nyaya mbovu na vipande vya polyester vilivyojaa sakafuni.

Mtume (s.a.w.) amesema hakuna kudhuriana. Ukiogopa wizi, weka mlinzi mlangoni au kagua mizigo wakati wa kutoka kwa adabu, wanawake wakaguliwe na mwanamke. Jora likiibwa ni mali. Kufuli litoke leo kabla ya Magharibi.

Kwa yaliyopita, toba ya haki za watu ni kuzirudisha. Fungua daftari, hesabu makato yote uliyokata bila kuthibitisha uzembe, uwalipe. Walioacha kazi watafute. Aliyefariki, wape warithi wake. Usiyempata kabisa baada ya juhudi, toa sadaka kwa niaba yake, na siku akitokea akitaka chake mpe. Zisipotosha fedha za mkononi, hizo overloki zinauzika.

Huyo wa Kariakoo mtake malipo ya awali yanayotosha ujira wa mafundi kabla hujakata kitambaa. Akikataa, iache oda hiyo. Na yule mama aliyekuambia mbele ya wenzake usimpunguzie kazi, wala usimpe vipande vigumu vya bei ile ile.

Wallahu a'lam.