Gari linalia chwi-chwi asubuhi, kwa fundi linanyamaza: usikimbilie mkanda

Mkuu, umesema gari linalia chwi-chwi asubuhi, ukilifikisha kwa fundi kimya, naye kakwambia ubadilishe mkanda, ule wa mbele ya injini unaozungusha altaneta na vifaa vingine. Subiri kwanza. Mimi nilibadilisha mikanda miwili ndani ya miezi mitatu kwa ugonjwa huohuo, na mikanda yenyewe haikuwa na kosa.

Kilichonipotosha ni kwamba kila nikifunga mpya, kelele inaisha. Wiki mbili gari tulivu, roho safi, halafu asubuhi moja nawasha, nyenje yuleyule yumo kwenye boneti.

Anza kwa kuandika ni lini linalia, kabla hujagusa spana. Dakika za kwanza baada ya kuwasha, altaneta inakuwa na kazi kubwa ya kurudisha chaji ya betri. Ukiwasha AC, kompresa inaongeza mzigo. Ukikata stelingi mpaka mwisho, pampu yake inalemewa, kama gari lako ni la stelingi ya haidroliki. Kelele ikifuatana na mojawapo ya hayo, umeshapata pa kuanzia. Ikija kwenye matuta tu, achana na mkanda, tazama raba za injini na za boneti. Kama ni gari la manyuo na mlio unabadilika ukikanyaga klachi, shuku beringi ya klachi.

Sikiliza pia aina ya mlio. "Wiiiii" mrefu unaopanda ukikanyaga mafuta, mara nyingi ni mkanda unateleza. "Chwi, chwi, chwi" wa kukatika-katika, unaokwenda na mzunguko wa injini, ni jambo jingine, na ndio uliokuwa wangu.

Sasa jaribio la maji, lililoniokoa. Injini ikiwa inaunguruma taratibu, chukua chupa ya kupulizia, nyunyiza maji kidogo tu upande wa mkanda wenye mifereji, mbali na altaneta na nyaya. Usivae mikono mirefu wala kitu cha kuning'inia shingoni, na kumbuka feni ya umeme huwaka yenyewe bila kukuaga. Mlio ukikata kisha ukarudi baada ya sekunde chache, puli (magurudumu ambayo mkanda unapitia) hazijanyooka kwenye mstari mmoja. Ukizidi, mkanda unateleza: umelegea, tenshena (kifaa kinachoukaza) imechoka, au mifereji imelika. Usipobadilika hata kidogo, elekea kwenye beringi za puli.

Langu lilikata, likarudi. Nikazima injini, nikalaza rula ya chuma usoni mwa puli ya kranki, ile inayozungushwa na injini yenyewe, mpaka kwenye puli ya altaneta. Pale rula ilipopaswa kugusa, mwanga ulipita: kama milimita 2 hivi. Ndipo nikakumbuka altaneta iliwahi kufunguliwa kubadilishwa kaboni, na aliyeirudisha alisahau washa moja, kile kipete cha chuma, nyuma ya bolti. Washa! Milimita 2 unaona si kitu, lakini mkanda ulikuwa unaingia kwenye mifereji kiupande kila mzunguko. Ukiwa mpya unavumilia. Mbavu zikishasuguliwa zikang'aa, unaanza kulia, hasa ukiwa baridi. Nikaweka washa, mkanda nikauacha uleule. Kimya mpaka leo.

Kama maji hayakubadilisha kitu, vua mkanda. Kwanza piga picha ya njia ambayo mkanda unapita, usijiamini kichwani. Tenshena ya springi unaizungusha kwa spana ndefu, mkanda unalegea. (Magari mengine hayana tenshena, mkanda wake ni wa kuvutika na una kifaa chake maalumu, huo usiulazimishe kwa bisibisi.) Zungusha kila puli kwa kidole. Nzima huzunguka laini na kimya. Ukisikia mchanga ndani, au ikiserereka muda mrefu kwa mlio mkavu, grisi imekwisha. Itikise pia, isicheze. Halafu washa injini bila mkanda, sekunde chache tu, kwa sababu kwenye magari mengi pampu ya maji inategemea mkanda huo. Kelele ikiendelea, chanzo kiko kwingine. Hapo chomoa kidogo dipstiki, kijiti cha kupimia oili: mlio ukikata au kubadilika, huenda ni upepo unaovutwa penye tundu, mara nyingi kwenye vali ya PCV (inayotoa mvuke ndani ya injini) au mipira yake.

Kukagua mkanda kwa kutafuta nyufa, kama tulivyofundishwa, hakutoshi tena. Mingi ya siku hizi ni ya mpira wa EPDM, unalika kama tairi na unaweza kwisha bila ufa hata mmoja. Tazama pia kama kuna maji ya rejeta au oili imeudondokea. Hapo mkanda mpya nao utaharibika usipoziba kwanza panapovuja.

Zile dawa za kupuliza za kunyamazisha mkanda sizipendi. Zinanata, zinavuta vumbi, na zinaficha dalili unayoitafuta.

Haya yote ni kwa mlio wa kuja na kuondoka. Ukigeuka kuwa mkwaruzo wa chuma, taa ya betri ikawaka au mshale wa joto ukapanda, zima gari hapohapo.

Nyunyiza maji kesho asubuhi kabla injini haijapata moto, kisha useme: lilinyamaza, lilizidi, au halikujali?