Wasomaji Wanauliza: Kitabu, Wimbo na Filamu za Likizo ya Desemba

Barua tulizochagua safari hii zimetoka Kigoma na Tabora, na zote zinagusa jambo moja: ndugu wanaokutana likizo ya Desemba na kutaka kuonjeshana vitabu, nyimbo na filamu wanazozipenda. Baadhi tumezijibu kwa urefu, kwa kuwa zinastahili.

*Ndugu Mhariri, kila Desemba nyumbani kwetu Ujiji hukusanyika watu wapatao 15: mama mkwe wangu, ndugu wa mume wangu kutoka Dar es Salaam na Mwanza, na watoto wa rika zote. Mwaka jana kila mtu alikuwa ameinamia simu yake na runinga ikawa ya kugombaniwa. Safari hii nimewaomba kila mmoja aje na kitabu kimoja, wimbo mmoja na filamu moja anayoipenda. Wamekubali, ila sasa nimeingiwa na hofu kwamba muda hautatosha, na mama mkwe haoni vizuri wala hajui Kiingereza. Nifanyeje?*
Mama wa nyumba, Ujiji

Dada, wazo lako ni zuri, ila umeagiza vitu vingi mno. Watu 15 wakija na vitu vitatu kila mmoja utakuwa na vitu 45, na hakuna hata kimoja kitakachosikilizwa hadi mwisho. Watumie ujumbe mapema, kabla hawajafunga mizigo, uwaambie kila mmoja achague kimoja tu, kiwe kitabu, wimbo au filamu, na mwenye nacho ndiye atakayekitambulisha mbele ya wenzake kwa maneno yake: alikipata wapi, kilimkuta katika hali gani, na ni sehemu ipi angependa waisikie. Sharti hilo ndilo lenye uzito kuliko yote. Anayemrushia shemeji yake nyimbo 200 kwa simu huwa hajampa cha kuzungumza naye, lakini akimkalisha na kumwambia asikilize jinsi gitaa la pili linavyoingia baada ya ubeti, mazungumzo yatakuwa yameanza.

Zingatia pia kwamba vitu hivi havili muda sawasawa. Wimbo unaweza kupigwa jikoni watu wakiparua migebuka, ukarudiwa mara mbili na bado chakula kikaiva kwa wakati wake. Kitabu hakigawiki kizima kwa siku chache, kwa hiyo mwenye kitabu asome kurasa mbili au tatu kwa sauti na kuishia pale ambapo wasikilizaji watataka kujua kinachofuata, kisha kitabu kibaki mezani kwa atakayekitamani. Hapo mama mkwe wako atakuwa sawa na wengine wote, maana hakuna atakayekuwa anatumia macho. Filamu ndiyo inayomeza jioni nzima, hivyo msizidishe mbili kwa likizo yote, na uamuzi wa zipi zionyeshwe uwe wa mama mkwe, ambaye vijana hawatathubutu kubishana naye. Vya watoto wadogo vitangulie kabla ya chakula cha usiku, wasije wakasinzia wakisubiri zamu yao.

Kwa nyumba ya Ujiji ningependekeza filamu moja kwa jina: *Jane*, iliyotolewa mwaka 2017 na Brett Morgen. Si mchezo wa kuigiza, bali inamhusu Jane Goodall, mtafiti wa sokwe. Imeundwa kutokana na zaidi ya saa 100 za picha ambazo mpiga picha Hugo van Lawick alizipiga Gombe, penye sokwe hao, katika miaka ya 1960, na zikakaa ghalani miaka mingi bila kuonwa na watu. Ziwa ni hilo hilo lenu, na vilima ni hivyo vilivyo kaskazini mwa mji wa Kigoma. Maelezo yake ni ya Kiingereza, kwa hiyo kijana mmoja akae karibu na mama mkwe amsimulie kama wafanyavyo watafsiri wa filamu katika mabanda ya video, na awe na ruhusa ya kuisimamisha anapoelemewa. Awaambie pia jambo ambalo wazee hupenda kulisikia, kwamba Jane Goodall alipofika Kigoma Julai 1960 alifuatana na mama yake mzazi, kwa kuwa wakuu wa serikali ya kikoloni walikataa msichana kuishi porini bila mwenzake, na kwamba wakati huo huo mji ulikuwa umejaa Wabelgiji waliokuwa wakikimbia machafuko ya Kongo. Nina hakika mzee mmoja au wawili hapo Ujiji watakuwa na la kuongeza, na hilo la kuongeza mlirekodi kwa simu.

Kwa upande wa muziki, usiwakatae vijana na Bongo Fleva yao kabla hujawasikiliza. Wakumbushe tu kwamba wasanii wenye asili ya mkoa wenu walikusanyika mwaka 2012 kwa jina la Kigoma All Stars na kutoa *Leka Dutigite*. Watoto waliokulia Dar es Salaam huuimba wimbo huo bila kujua Kiha, na mama mkwe wako ndiye mwalimu aliye karibu.

*Mhariri, ninafundisha sekondari hapa mjini Tabora. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu na anakuja kwangu likizo. Anasema vitabu vya Kiswahili vinachosha, lakini anavyovijua ni vile vya mtihani tu. Nimpe kipi ili abadilike?*
Mwalimu, Tabora

Mwalimu, acha kwanza nia ya kumbadilisha, kwa sababu kijana huinusa mara moja na kitabu kitakuwa kimeongezwa katika orodha ya vile vya mtihani. Usimuulize maswali ya wahusika na dhamira. Mpe kitabu ambacho wewe mwenyewe ulikisoma usiku ukashindwa kukiweka chini, umwambie hivyo hivyo, kisha unyamaze.

Mimi ningeanza na *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960. Ni hadithi ya upelelezi ya Unguja, yenye mauaji, mzimu unaoogopwa na Bwana Msa anayevuta kiko huku akiwaza wakati wengine wanapapatika. Kiswahili chake ni kitamu mno, na kwa kijana kinatosha kuthibitisha kwamba kitabu cha Kiswahili kinaweza kusomwa kwa sababu tu ya kutaka kujua nani aliua.

Akikimaliza, kwa Tabora hakuna kinachofaa zaidi ya *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel. Inamhusu Yusuf, mvulana wa miaka 12 ambaye baba yake anamtoa kwa mfanyabiashara Aziz kwa sababu ya deni, naye anaishia kufuatana na msafara unaokwenda bara, katika siku ambazo Wajerumani wanazidi kuitwaa nchi. Mpwa wako akiwa kwako atakuwa akipita kila siku chini ya miembe ya mji uliokuwa kituo kikubwa cha misafara ya namna hiyo, na pengine hajawahi kuiona kwa macho ya mtoto wa rika lake aliyebebeshwa mzigo wa deni la baba.

Wewe mwenyewe, Mwalimu, soma sambamba maisha ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyoyaandika kwa Kiswahili kwa mkono wake. Baba yake aliishi Tabora na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, kwa hiyo mji wenu unatajwa humo kama nyumbani. Tippu Tip anasimulia misafara kama mwenye mali: pembe kiasi gani, vita gani, faida gani. Watu waliofungwa na kuuzwa hupita katika maelezo yake kama bidhaa nyingine, bila sauti. Yusuf yuko upande wa pili wa njia hiyo hiyo. Mjomba na mpwa wakisoma kila mmoja chake kisha wakabadilishana waliyoyakuta, likizo haitapungukiwa na mazungumzo, na hapo wala hutahitaji kutamka neno dhamira.

Ikiwa anapenda filamu kuliko vitabu, mpitishe mlango huo. *Vuta N'kuvute*, riwaya ya Adam Shafi, ilitoka mwaka 1999, na Amil Shivji akaitengenezea filamu ya jina hilo hilo mwaka 2021. Aione filamu kwanza, kinyume na walimu wengi wanavyoshauri. Riwaya ni kubwa na ina watu wengi zaidi, kwa hiyo anayetoka kwenye filamu bado anakuta mengi mapya, ilhali anayetoka kwenye kitabu hukaa mbele ya filamu akihesabu kilichoachwa. Iangalie wewe mwanzo. Ina mapenzi na ina mateso ya polisi wa kikoloni, na si ya kuonyesha mbele ya wadogo zake.

*Naomba kuuliza: nikienda kwenye kibanda nikajaziwa filamu na nyimbo katika flashi ili niwapelekee ndugu zangu zawadi ya Krismasi, ninatenda kosa?*
Kijana, Urambo

Kaka, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 inailinda kazi ya msanii, na mwenye kibanda anayeuza nakala bila idhini anaivunja. Wewe mteja unamlipa asiyeimba wala kuigiza. Wapelekee kitabu kimoja ulichonunua, nacho hakuna anayekuzuia kumwazima kila mtu ukooni, au wafungulie wimbo huo kutoka kwenye ukurasa wa msanii mwenyewe mtandaoni. Zaidi ya hayo, flashi yenye filamu 60 kwa kawaida hutazamwa mbili, nyingine zikafutwa Januari.

*Mhariri, mimi ni mstaafu wa reli, ninaishi Tabora. Nina sanduku la kaseti nilizorekodi kutoka redioni enzi za RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam), zikiwemo za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Wajukuu wanakuja likizo na wanataka kuzisikia kwenye simu zao. Redio kaseti yangu bado inafanya kazi. Nizihamisheje bila kuziharibu?*
Babu wa Tabora

Mzee wetu, shikamoo. Sanduku lako lina mali. Tabora ya enzi zako ilikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, bendi iliyotupa *Dada Asha* ya Shem Karenga, na si kila wimbo wa bendi hizo unapatikana leo kwa urahisi. Kwa hiyo twende polepole.

Kabla ya kupiga kaseti yoyote, iangalie kwenye mwanga. Ikiwa na unga mweupe juu ya utepe, ni ukungu. Itenge na usiiingize kwenye redio, kwa sababu itauchafua mtambo na kuziambukiza nyingine. Zilizo safi, vunja vile vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyo mgongoni, ili mjukuu akibonyeza kitufe chekundu kwa bahati mbaya asirekodi kelele juu ya gitaa. Kisha izungushe mbele hadi mwisho na kuirudisha yote, maana utepe uliokaa miaka mingi hushikana tabaka kwa tabaka. Safisha hedi ya redio, yaani kile kipande cha chuma kinachogusa utepe, na kile kigurudumu cha mpira kwa pamba yenye spiriti, uache vikauke. Tumia umeme wa ukutani au betri mpya kabisa, kwa kuwa betri zilizochoka hupunguza mwendo na mwimbaji atasikika kama anayeimba usingizini.

Sasa mjukuu alete kompyuta. Atafute waya wenye pini ndogo pande zote mbili, upande mmoja uingie kwenye tundu la spika za masikioni la redio, wa pili kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta. Kompyuta mpakato nyingi za sasa hazina tundu linalofaa, na hapo kuna kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye USB ambacho si ghali. Programu ya Audacity haiuzwi na inatosha kwa kazi hii. Jambo la kuangalia sana ni ukubwa wa sauti inayoingia: mistari isiguse nyekundu hata kwenye tarumbeta, kwa sababu sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hairekebishiki baadaye, ilhali iliyo ndogo huongezwa.

Hakuna njia ya mkato. Kaseti ya dakika 60 itachukua dakika 60, na kwa mvua za Desemba na umeme unaokatika, hifadhini kazi kila upande mmoja unapomalizika. Zile za dakika 120 zishughulikiwe kwa uangalifu zaidi, utepe wake ni mwembamba na hutafunwa upesi. Faili ya kwanza iwe ya aina ya WAV, yenye sauti isiyobanwa, ambayo kwa saa moja ni kama megabaiti 600. Kutoka hiyo mtengeneze MP3, yenye sauti iliyobanwa, ya kama megabaiti 60 kwa ajili ya simu. Wajukuu watataka kubaki na ndogo tu. Usikubali, Mzee.

Na wakitaka kukata sauti ya mtangazaji mwanzoni mwa wimbo, au zile salamu za wasikilizaji, wakatalie pia. Nyimbo zenyewe nyingi zilirekodiwa studio za RTD na huenda zimo katika maktaba ya TBC, lakini jioni ile uliyobonyeza kitufe, na mtangazaji aliyekuwa zamu, viko kwenye kaseti yako pekee. Kila faili ipewe jina la bendi, la wimbo na mwaka unaoukumbuka, hata kwa kukisia, na wajukuu waandike unayoyasema kuhusu wimbo huo wakati unapigwa, maana kaseti ikishazimwa habari nyingi hazirudi kichwani. Nakala za WAV ziwekwe kwenye nyumba mbili tofauti, moja ibaki Tabora na moja iende na mjukuu aliye mwangalifu kuliko wenzake. Kaseti zenyewe usizitupe. Zirudishe sandukuni zikiwa zimesimama, mbali na jua na mbali na spika.