Usiusugue msalaba wa Gosforth

Dada, umesema umefika Gosforth kule Cumbria, Uingereza, ukauona msalaba wa jiwe wa karne ya 10 uwanjani kwa kanisa la St Mary, lakini michoro hukuiona vizuri. Sasa unauliza kama unaweza kurudi na brashi na maji, au chaki. Hapana, tafadhali. Jiwe lile la mchanga limenyeshewa mvua miaka elfu moja na linamomonyoka. Ukisugua yale madoa ya kijivu yaliyoota juu yake, unabandua na uso wa mchoro.

Tatizo lako ni mwanga tu. Nenda siku ya jua, kiangazi iwe kama saa saba mchana. Jua likiwa kusini linapita ubavuni mwa pande za mashariki na magharibi, na mikwaruzo yote inatupa kivuli. Likigoma, mulika tochi kutoka pembeni.

Anza upande wa magharibi, chini kabisa: Loki, mungu mjanja wa hadithi za Waviking (mabaharia wa kale wa Skandinavia), amefungwa, mkewe Sigyn ameshika bakuli akikinga sumu ya nyoka isimdondokee. Halafu zunguka mashariki, umtazame Kristo mikono ameinyoosha. Hadithi za Waviking na Injili kwenye nguzo moja! Mimi hapo ndipo huwa nachelewa.

Na kwa kuwa nguzo inapita mita 4, beba darubini ndogo ya kutazamia ndege. Usiondoke bila kuingia ndani kanisani, kuna mawe mawili ya makaburi ya Waviking, yana migongo kama mapaa ya nyumba.