Kabla Hujabadilisha Pampu ya Bobcat: Majibu kwa Maswali Yenu

Maswali ya safari hii karibu yote yana mzizi mmoja: je, nitoe pesa kuongeza nguvu ya haidroliki, yaani ya oili inayosukumwa na pampu, kwenye skidistia yangu? Nazungumzia ile mashine ndogo ya kupakia ambayo Arusha na Moshi kila mtu anaiita Bobcat, hata kama ubavuni imeandikwa jina jingine. Mengine nimeyajibu kwa kifupi. La kwanza nimelikalia muda mrefu, kwa sababu nimeona watu wakilipa mamilioni kwa kazi ambayo hesabu ya dakika tano ingeizuia.

Shikamoo fundi. Mashine yangu ina nguvu za farasi 49, injini ya kawaida isiyo na tabo (kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini), na pampu inayotoa lita 65 kwa dakika. Nimepata kazi ya kusafisha vichaka viwanjani Kisongo. Mashine ya kusaga vichaka ninayotaka kufunga mbele inahitaji lita 115. Fundi amenitajia milioni 14 kwa pampu ya haiflo, yaani ya kutoa oili nyingi zaidi kwa dakika, na mipira yake ya kupitishia oili. Nilipe? (Msomaji, Sakina)

Marahaba. Usilipe. Chukua kalamu kwanza tupige hesabu pamoja.

Nguvu ya haidroliki kwa kilowati ni lita kwa dakika, mara presha kwa bar, gawanya kwa 600. Tuchukue presha ya bar 210, ambayo ni ya kawaida kwa mashine za ukubwa huo. Sasa hivi una 65 mara 210, gawanya kwa 600: karibu kilowati 23. Ukienda lita 115 kwa presha hiyohiyo, unapata kilowati 40. Farasi 49 za injini yako ni kilowati 36 na ushee. Umeshaona tatizo: pampu mpya itadai kuliko injini nzima inavyoweza kutoa, na hapo hatujahesabu kinachopotea ndani ya pampu yenyewe, wala magurudumu, ambayo nayo yanakula injini hiyohiyo wakati unasogea kichakani.

Kuna la pili ambalo wauzaji wa pampu hawalitaji. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Zile kilowati 36 za kwenye kitabu zinakuwa kama 31 hapa kwetu. Wa Moshi mjini wana nafuu kidogo kwa kuwa wako chini zaidi, lakini hata huko hesabu yako haitoki.

Kitakachotokea ni hiki. Opereta atawasha zana, itazunguka vizuri ikiwa hewani, atafurahi. Akigusa kichaka cha kwanza kinene, injini itazidiwa, mzunguko utashuka, atarudi nyuma asubiri, aingie tena. Siku nzima itakuwa ya kuingia na kutoka, na dizeli inakwenda.

Halafu joto. Oili inapopita kwenye mipira, vali na kapla (viungio vya mipira) zilizotengenezwa kwa lita 65, inapoteza presha kidogo. Ukilazimisha lita 115 zipite humohumo, upotevu hauongezeki kwa kiasi kilekile. Unaongezeka kwa kipeo cha pili, yaani zaidi ya mara tatu. Kama mwanzo ulikuwa unapoteza bar 10, sasa ni kama bar 31. Zipige kwa fomula yetu: kutoka kilowati 1 hadi karibu 6, zote zinageuka joto. Ni kama umetumbukiza pasi sita za umeme kwenye tangi la oili na kuziacha zimewaka tangu asubuhi. Rejeta ya oili ya mashine yako haikuwekwa kwa mzigo huo. Oili ikikaa juu ya nyuzi 80 muda mrefu inachoka haraka, sili zinakauka, na pampu mpya ya milioni 14 inaanza kujila yenyewe.

Kwa hiyo mwulize fundi wako: je, hiyo milioni 14 ina rejeta kubwa zaidi? Ina kapla kubwa na mabomba ya chuma yanayopita kwenye mikono ya mashine? Ina mpira mwembamba wa tatu wa kurudisha oili ya mota ya zana moja kwa moja kwenye tangi? Mota za zana kubwa nyingi zinauhitaji mpira huo. Ukikosekana, sili ya shafti inapasuka mapema tu. Ina filta, na oili ya kujaza mfumo wote? Kila "hapana" ni pesa itakayokufuata baadaye.

Tuseme ukijumlisha vyote unafika milioni 18, na injini ingekuwa inatosha. Jiulize zana hiyo itakuingizia kiasi gani zaidi kwa saa, baada ya kutoa dizeli na opereta. Ikiwa ni 25,000, unahitaji saa 720 kurudisha pesa. Kazi ya vichaka ukiipata saa 300 kwa mwaka, hiyo ni karibu miaka miwili na nusu, na mashine isiharibike hata siku moja. Kama una mkataba wa saa 720 mkononi, tuzungumze. Kama una kazi ya viwanja vinne vya Kisongo, tafuta panga la kuzunguka linalofanya kazi kwa lita 60 hadi 75. Yapo mengi yaliyotengenezwa kwa mashine kama yako. Halisagi kichaka kikawa unga kama ile nyingine, lakini linakata, na mwenye kiwanja anachotaka ni kiwanja kionekane.

Fundi, habari za kazi. Mashine yangu inapakia mchanga na kokoto. Asubuhi ina nguvu, ikifika saa sita mchana mikono inapanda kwa kujivuta. Nimeambiwa pampu imekufa, na kwa kuwa inabadilishwa, niweke kubwa zaidi moja kwa moja. (Mama mwenye biashara ya mchanga, Pasua, Moshi)

Nzuri, mama. Tuanze na kitu ambacho unaweza kukiangalia leo bila kulipa mtu. Wakati mikono inajivuta, magurudumu je? Kwenye mashine hizi magurudumu yana pampu zake, na mikono na ndoo vina pampu nyingine. Kama mashine inatembea na kusukuma rundo vizuri, tatizo liko upande wa mikono: pampu yake, vali zake au silinda. Kama vyote vinalegea pamoja, nitaanza kuutilia shaka mfumo wa kupoza oili, oili yenyewe, au hata injini kukosa pumzi kwa sababu ya filta ya hewa.

Nguvu asubuhi na udhaifu mchana ni dalili ya oili kuwa nyepesi inapopata joto na kuvujia ndani kwa ndani, mahali usipoona tone. Pampu iliyolika inafanya hivyo, ni kweli. Lakini hata pampu nzima itafanya hivyo kama oili inachemka kwa sababu rejeta imezibwa na vumbi. Mchanga na kokoto ni vumbi kutwa nzima. Fungua mlango wa nyuma, mulika kwa tochi kati ya rejeta ya maji na ile ya oili. Mara nyingi upande wa nje ni msafi na katikati kuna blanketi la vumbi lililoganda. Lipulizwe kwa upepo kutoka ndani kwenda nje, taratibu, mapezi yasipinde. Kisha angalia ni oili gani iliyojazwa mara ya mwisho. Nyepesi kuliko inayotajwa kwenye kitabu cha mashine itakupa dalili hizihizi.

Ukishafanya hayo na mchana bado inajivuta, sasa lipia kipimo. Fundi mwenye geji ya presha na mita ya kupima mtiririko anaifunga kwenye kapla za mbele na kupima mara mbili: oili ikiwa baridi, na ikiwa imefanya kazi ya saa moja au mbili. Apime bila mzigo, kisha abane mtiririko hadi presha ya kazi, huku akishikilia mzunguko wa injini uleule. Pampu ikitoa, tuseme, lita 65 bila mzigo na kuporomoka hadi 40 ikibanwa, imekwisha, na hapo hakuna ubishi. Ikishuka kidogo tu, pampu yako ni nzima na ungekuwa umenunua nyingine bure. Gharama ya kipimo ni ndogo sana ukiilinganisha na pampu, na fundi anayekataa kupima lakini yuko tayari kubadilisha, mama, mwache.

Na ikithibitika pampu imekufa, weka ya saizi ileile. Kupakia mchanga hakuhitaji haiflo. Ile inapeleka oili nyingi kwenye zana za mbele zenye mota, na ndoo yako haina mota. Ila usikubali pampu mpya ifungwe kwenye oili ya zamani. Pampu inapokufa inamwaga chembe za chuma mfumo mzima. Tangi lisafishwe, filta zibadilishwe, mipira isuuzwe. Watu wanabana pesa hapa, na miezi mitatu baadaye wananunua pampu ya pili.

Opereta wangu anataka kukaza vali ya presha ili mashine ibebe mzigo mzito zaidi. Anasema ni kuzungusha skrubu tu. (Usa River)

Mkataze, leo. Uzito ambao skidistia ya magurudumu inaruhusiwa kubeba ni nusu ya uzito unaoifanya ipinduke mbele. Kikomo hicho kinatokana na uzito wa mashine na urefu wa mikono; skrubu ya presha haikigusi. Atakachopata ni mashine yenye uwezo wa kujiangusha, mipira inayobeba presha kuliko iliyoandikwa juu yake, na yeye mwenyewe akiwa amekaa katikati ya mikono. Kama mzigo ni mzito, ugawanywe safari mbili.

Nachimba mashimo ya miche ya parachichi kwa keekee. Kwenye ardhi ngumu inakwama. Nikiongeza haiflo itapita? (Bomang'ombe)

Haitapita. Lita kwa dakika huleta kasi ya kuzunguka. Nguvu ya kusokota hutoka kwenye presha na ukubwa wa mota ya keekee. Ukiongeza oili, keekee yako itazunguka haraka zaidi na kukwama palepale, na mota inaweza kuzidishwa mwendo ikaharibika. Angalia meno kwanza. Kwenye ardhi yenye mawe ya volkano kama yetu, meno yanakuwa butu upesi kuliko watu wanavyodhani, na seti ya meno mapya pamoja na ncha ya katikati ndiyo matengenezo ya bei rahisi kuliko yote niliyoyataja humu. Bado inakwama? Punguza kipenyo cha keekee, au tafuta mota kubwa zaidi inayokubali mtiririko ulionao.

Ni bora niigeuze mashine yangu iwe ya haiflo, au niuze ninunue iliyotumika yenye haiflo tangu kiwandani? (Himo)

Kama kazi ya haiflo unayo kweli, uza. Iliyotoka kiwandani hivyo imepangwa pamoja: injini, pampu, mabomba, rejeta na umeme wake. Tofauti ya bei kati ya mashine mbili mara nyingi ni ndogo kuliko gharama ya kugeuza moja, na ukigeuza yako, mnunuzi wa kesho hatakulipa hiyo milioni 18.

Ila usinunue kwa kuona kitufe cha haiflo tu. Nenda na mtu mwenye mita, mashine ifanye kazi hadi ipate joto, mpime lita zinazotoka. Muuzaji akikuonyesha mashine ambayo injini yake tayari ni ya moto ulipofika, rudi siku nyingine bila taarifa uiwashe ikiwa baridi. Na ulize kama mashine yako ya sasa ni toleo ambalo kiwanda kiliacha nafasi ya kuongezwa haiflo baadaye. Baadhi ziko hivyo, na kwa hizo jibu langu linabadilika.

Shikamoo kaka. Mpira wa haidroliki una kitundu kidogo, unatoa kama ukungu tu. Nikiufunga kwa tyubu ya baiskeli naweza kumaliza kazi ya siku mbili iliyobaki? (Kijana, Unga Limited, Arusha)

Marahaba, mdogo wangu. Zima mashine, shusha mikono chini, toa presha yote kwenye mfumo, kisha peleka mpira ukabanwe mwingine wenye presha ileile iliyoandikwa ubavuni. Uko Unga Limited, hutatembea mbali.

Ukungu huo unatoka kwa zaidi ya bar 200. Unapenya glovu na ngozi kama sindano, na kinachoonekana nje ni kidoa kidogo kisicho na damu wala maumivu makubwa, ndiyo maana watu wanakipuuza. Ndani, oili inasambaa kwenye mishipa ya mkono, na saa chache baadaye mkono umevimba. Watu wamekatwa vidole na mikono kwa jambo hili. Ikitokea kwako au kwa mwenzako, ni hospitali kubwa saa hiyohiyo, Mount Meru au KCMC, na mwambie daktari kwa maneno haya: nimechomwa na oili ya haidroliki yenye presha, inahitaji kufunguliwa na daktari wa upasuaji. Usikubali kupewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani.

Na unapotafuta mahali panapovuja, usipapase kwa mkono. Pitisha kipande cha boksi kwenye mpira, taratibu. Kitakapolowa, ndipo penyewe.