Fomu inakwama ukiandika "ng'ombe"

Mdogo wangu, umesema fomu ya ushirika wenu wa maziwa hapo Moshi inahifadhi vizuri, ila karani akiandika "ng'ombe" inaleta kosa. Tatizo ni hiyo ritifaa, yaani alama ya ' iliyo baada ya ng. Umeunganisha alichoandika mtu moja kwa moja na amri ya SQL (lugha ya kuiagiza hifadhidata), kwa hiyo hifadhidata ikifika kwenye ng' inadhani maneno yameishia hapo, na "ombe" inasomwa kama sehemu ya amri. Usiifute ritifaa, kuna wafugaji wenye majina ya hivyo, na wana haki ya kuandikwa sawasawa. Tena ni jambo zito: mlango huohuo ndio anaoupitia mwizi wa data, akiandika amri zake kwenye fomu.

Kwa kuwa programu yako umeiandika kwa PHP, hamia PDO, njia ya PHP ya kuongea na hifadhidata. Weka alama ya kuulizia mahali pa kila thamani:

INSERT INTO mifugo (aina, lita) VALUES (?, ?)

Amri hiyo ipitishe kwenye prepare(), kisha thamani zenyewe zipeleke kwa execute(), zisisomwe kama amri. Ng'ombe ataingia na ritifaa yake.

Kama mfugaji na lita zake vinaingia kwenye majedwali mawili, anza na beginTransaction() na umalize na commit(). Kimoja kikishindwa, rollBack() itengue vyote viwili. Tafadhali rekebisha kabla wafugaji hawajalipwa mwezi huu.