Re: Nianzie wapi na rekodi za jukwaani za Grateful Dead?

Ndugu, umesema rekodi za bendi hii ya roki ni nyingi mno hujui ushike ipi. Shika ya Mei 8, 1977, ukumbi wa Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Aliyerekodi ni Betty Cantor-Jackson, fundi sauti wa bendi yenyewe, ndiyo maana besi ya Phil Lesh unaisikia nota kwa nota. Toleo rasmi lilitoka 2017, tafuta hilo.

Vaa hedifoni, nenda kwenye wimbo wa Scarlet Begonias, na tafadhali usiikatishe: inateleza hadi wimbo wa Fire on the Mountain bila bendi kusimama, zaidi ya dakika 20. Pale zinapoungana mwili hunisisimka kila mara. Halafu wimbo wa Morning Dew, gitaa la Jerry Garcia likianza kwa kunong'ona. Hiyo isikilize usiku, peke yako.